Vitabu vya picha vyaishia Chake

Mzazi wa Pujini, kisiwani Pemba, anayetaka kitabu cha picha kwa mtoto wa miaka minne hana budi kupanda gari hadi Chake Chake, na huko nako asitarajie kuchagua. Madukani yapo madaftari, kalamu, juzuu za chuoni na vitabu vya kujipimia mitihani. Vya picha, ambavyo vingi ni hadithi za kigeni zilizofasiriwa, hukaa rafu ya juu, mbali na mkono wa mtoto, hadi jalada linapauka.

Si kwamba kufasiri ni ghali. Hadithi ya mtoto mdogo ina maneno machache, na mfasiri hodari haimchukui muda mrefu. Fedha huliwa na rangi. Kwa hiyo wachapishaji wa nchi mbalimbali huchangia uchapaji mmoja: picha hupigwa kwa pamoja kwa lugha zote, kisha hubadilishwa bamba jeusi peke yake, lile lenye maneno. Nakala ya Kiswahili hupata nafuu kwa kudandia uchapaji wa lugha kubwa. Sharti lake ni kuagiza maelfu. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuthubutu, lakini Zanzibar, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu chini ya watu milioni mbili, Pemba ikiwa na laki tano na ushei, haibebi agizo hilo peke yake. Basi Pemba hupata kilichobaki bara na Unguja, tena baada ya nauli ya boti hadi Mkoani na ya gari kutoka huko.

Zamani haikuwa hivyo, ingawa sababu haikuwa ya kibiashara. Katika miaka ya 1970 na 1980 vitabu vya watoto kwa Kiswahili vilichapwa Moscow na Beijing, karatasi nzuri na rangi kali, vikauzwa kwa bei ya kutupa. Aliyelipa tofauti ni serikali za huko. Zilipoacha kulipa, vitabu navyo vikakatika. Bara, mradi wa vitabu vya watoto ulioanza mwaka 1991 ulijaribu njia nyingine: kati ya nakala 5,000 za kitabu, mradi ulinunua 3,000 na kuzigawa maskulini. Mchapishaji alibakiwa na 2,000 za kuhangaikia sokoni. Mpango huo ulisaidia zaidi watunzi wa nyumbani kuliko tafsiri, lakini ulionyesha jambo ambalo wafanyabiashara wa Pemba hawachoki kulirudia: kitabu cha mtoto huuzika pale mnunuzi mkubwa anapokuwa amekwisha kujulikana.

Mmoja wao, mwenye duka la vifaa vya skuli Chake, aliyeomba asitajwe, ana malalamiko mengi kuliko bidhaa. La kwanza ni vitabu vya bure. Anasema kila wafadhili wanapoteremsha maboksi, wazazi huacha kununua kwa miezi, wakingoja zamu ya skuli yao, hata kama zamu hiyo haina tarehe. Hapingi watoto kupewa. Anachouliza ni kwa nini wanaogawa hawanunui dukani kwake walau sehemu. La pili ni masharti ya msambazaji: alipe taslimu, na kisichouzika hakirudi. La tatu ni picha zenyewe. Theluji na misonobari wateja huvumilia, lakini nguruwe aliyevaa suruali hapiti Pujini, hata hadithi iwe tamu vipi. Boksi la namna hiyo lilimkalia, akaishia kuwagaia watoto wa wageni. Mfasiri alikuwa amebadilisha maneno yote, ila picha haikuwa yake kuibadilisha.

Hapo ana hoja, japo hasemi kwamba yeye mwenyewe hafungui boksi kabla ya kulipia. Wala hataji kwamba kitabu kinachokaribia bei ya kilo mbili za mchele hakiwezi kushindana na mchele wenyewe. Pujini watu hulima, na fedha ya kuonekana huja na mchumo wa karafuu. Ikija, sare, viatu na madaftari hutangulia.

Afisa mmoja wa elimu kisiwani, naye bila kutajwa, haoni tatizo. Kwa maelezo yake vitabu vimeshagawiwa na madarasa ya maandalizi yana kona za kusomea. Alipoulizwa vinasomwa mara ngapi, alirejea kwenye orodha ya ugavi. Orodha inaweza kuwa sahihi. Lakini anayezijua skuli zetu anajua kitabu chenye rangi hufungiwa kabatini, maana mwalimu ndiye anayedaiwa kikichanika. Orodha haina safu ya hilo.

Wapo wanaoelekeza macho kwenye simu. Hazina huria ya hadithi iliyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2014, na ya India iliyofuata mwaka 2015, zina hadithi za picha kwa Kiswahili, na kwa nyingi zinaruhusu mtu kufasiri, kuchapa, hata kuuza, mradi ataje watunzi. Kisheria, mwenye fotokopi wa Chake angeweza kuwa mchapishaji kesho asubuhi, na akachagua hadithi zisizo na nguruwe. Mwenye duka wetu amelipigia hesabu hilo. Wino wa rangi unamrudisha kwenye bei ileile ya kitabu cha kuagiza, na kwa nyeusi na nyeupe, anasema, mama wa Pujini atauliza kwa nini auziwe fotokopi.

Huenda wachapaji wachache wakiungana, Chake, Wete na Mjini Unguja, hesabu ikabadilika. Huenda pia wagawaji wakaanza kununua hapahapa, jambo ambalo afisa alisema linazungumzwa, bila kusema na nani. Mwenye duka ameshasikia mazungumzo ya aina hiyo. Hajaagiza kitabu cha picha tangu lile boksi, na anasema hataagiza mpaka aone karatasi yenye mhuri.