Taa ya Uani Imulike Miguu Kwanza



Wapenzi wasomaji, juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja anayehudhuria darsa yetu hapa Mombasa, mzaliwa wa Kitui, alinijia baada ya sala ya Isha. Mwenyezi Mungu alikuwa amemfungulia riziki, naye alitaka kumfanyia mamake jambo la kumfaa. Mama yule anaishi kijijini na wajukuu wawili, na umeme ulikuwa umewafikia karibuni. "Maalim," akaniambia, "kwetu jua likizama ni kiza kitupu. Nimnunulie mama nini?" Nami, bila ya kutafakari, nikamjibu: "Mnunulie taa kubwa ya nje, mwanangu, ua wake uwe kama mchana."

Akanunua taa ya wati 50, zile ambazo watu huziita mulika mwizi, akaifunga juu ya mlango wa mbele. Jirani wote wakaisifu. Ramadhani ilipoingia, mama akaanguka. Alikuwa akitoka jikoni na sinia ya daku, akaikosa ngazi ya baraza, na mkono wake ukavunjika kifundoni. Nilipopata habari nilidhani umeme ulikuwa umekatika. La! Taa ilikuwa ikiwaka.

Nilikwenda Kitui kumjulia hali. Tulikaa barazani tangu alasiri, wajukuu wakimwita Susu na kumletea chai, mpaka magharibi ikaingia na taa ikawashwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Jiko, kwa desturi ya nyumba nyingi za Ukambani, ni chumba cha peke yake nyuma ya nyumba. Mtu atokaye jikoni hupita kwanza katika kivuli cha nyumba, kisha akikunja pembe ukali wa taa humpiga machoni, na papo hapo ndipo penye ngazi. Mama akacheka kidogo, akasema: "Sheikh, taa hii humwona kila apitaye barabarani. Mimi tu haijapata kuniona."

Maneno yale nilirudi nayo Mombasa. Tangu siku hiyo, kila niendapo Kitui au Makueni kwa mwaliko wa ndoa, maziko au darsa, huangalia taa za nyua na kuwauliza wenye nyumba. Niliyojifunza ndiyo haya.

Taa zamani zilikuwa na mahali pake

Wazee wa Kikamba walikuwa na thome, mahali nje ya boma ambapo wanaume waliukoka moto jioni, wakaota na kuzungumza, na vijana wakasikiliza. Sisi wa Pwani tuna baraza na daka, na ndani tuna ua, ambao ndio ufalme wa kina mama. Mwangaza wa zamani ulikuwa mdogo, nao uliwekwa pale penye shughuli: kandili ukingoni mwa baraza, koroboi jikoni, karabai siku ya harusi. Hakuna aliyefikiri kumulika kijiji kizima. Moto wa thome uliangaza nyuso za waliouzunguka, na kandili iliandamana na mkono wa mwenye kutembea.

Sisemi turudi kwenye mafuta ya taa. Moshi wa koroboi umeharibu vifua na macho ya kina mama wengi, na moto wake umeunguza nyumba na watoto. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Jabir, ametuamrisha tuzime taa tulalapo, kwa kuwa panya huweza kuukokota utambi akawaunguza watu wa nyumba. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa sababu ya amri hiyo ni khofu ya moto, na kwamba taa iliyotungikwa ikawa salama haina ubaya kuachwa. Kwa hivyo balbu ndogo isiyo na moto yaweza kubaki ikiwaka usiku pale penye haja. Swali ni wapi.

Anza na njia ya mwenye kazi

Mama yangu, dada yangu, kabla hujamtuma mtu dukani, usiku mmoja tembea nyumbani kwako bila ya taa yoyote, polepole, ukifuata njia uzipitazo kila siku. Toka jikoni mpaka sebuleni. Nenda chooni, ikiwa choo kiko nje. Nenda kwenye tangi la maji, mahali pa kutawadhia, na mlango wa uani. Kila pahali mguu wako uliposita, tia alama kwa jiwe. Mawe hayo ndiyo yatakayokuambia wapi pa kuweka taa. Katika nyumba nyingi hayazidi matano au sita.

Ngazi ipewe taa yake, iliyofungwa chini, kimo cha goti, ukutani kando ya ngazi, ili mwangaza uteleze juu ya kila kidato na kivuli chake kionekane. Taa ya juu kabisa huzifanya ngazi za saruji zionekane kama sakafu moja. Ukingo wa kila kidato upake ufito wa rangi nyeupe. Gharama yake ni ndogo, nao huonekana hata umeme ukikatika. Njia ya chooni iwekewe taa mbili au tatu ndogo za sola, zile za kuchomekwa ardhini, zikitazama chini. Jikoni, taa iwe juu ya mlango kwa nje, nyuma ya mwenye kutoka, ili imulike anapokwenda.

Na taa yoyote unayoweza kuuona moto wake ukiwa umesimama imekaa vibaya, maana jicho lililokwisha kupigwa na mwanga mkali halioni tena palipo na giza. Ifunike kwa kizuizi. Kopo la maziwa ya unga lililokatwa nusu na kupakwa rangi nyeupe kwa ndani hutosha. Makueni niliona kibuyu kilichotobolewa matundu madogo madogo na kutiwa balbu ya wati 3, kikitundikwa chini ya mwembe; mwangaza wake ulimwagika juu ya mkeka kama mbalamwezi. Nyumba nyingine walikipindua kiondo kikuukuu cha katani kikawa chengeu cha taa ya barazani. Ni mapambo ya mikono ya watu wa huko, na hayapungukiwi uzuri na ya dukani. Ila yatiwe balbu za LED peke yake, zisizochoma. Kamwe usiweke moto ndani ya kibuyu wala kiondo.

Sitara na haki ya jirani

Ua ni sitara. Mwanamke hukaa uani kwake akiwa amelegeza mtandio, akisuka nywele za bintiye au akianika nguo. Taa kali ikiwa nyuma yake, kivuli chake chote huonekana na mpita njia kupitia ua wa miti au mabati yenye matundu. Taa ikiwa kwenye ukuta wa nje ikitazama ndani na chini, kivuli chake hakitupwi upande wa nje. Mwambie fundi jambo hilo waziwazi, maana wengi wao hulifikiria lango tu.

Pia kuna jirani. Taa iingiayo dirishani mwake usiku kucha ni udhia, na Mwenyezi Mungu ameufanya usiku kuwa vazi la viumbe vyake. Ukishafunga taa yako, vuka upande wa pili, umpigie hodi jirani, umwulize kama inamsumbua. Wengi wetu tuna haya ya kulalamika, basi anza wewe.

Wadudu, nge na nyoka

Ukambani ni nchi kavu, yenye mawe na nyasi, na kina mama wa huko hukuuliza kwanza habari ya nge na nyoka. Fahamu kwamba mwanga mweupe wenye kuelekea samawati huvuta wadudu zaidi kuliko mwanga wa manjano. Mvua za vuli zinapoanza, kumbikumbi hulizingira balbu jeupe kama moshi. Wadudu huwaleta vyura na mijusi, na vyura huwaleta nyoka. Kwa hivyo taa kali nyeupe juu ya mlango wa kuingilia inaweza kuwa karamu iliyoandaliwa kizingitini. Chagua balbu ya manjano, ambayo boksi lake huandikwa 2700 au 3000 K, uiepuke ile ya 6500. Taa ya kuvutia wadudu, ikiwa lazima iwepo, iwe mbali na mlango.

Ondoa kuni, mawe na matofali yaliyorundikwa kando ya njia, kwani taa haiwezi kuona chini yake. Nge hung'aa rangi ya kijani kibichi akimulikwa kwa tochi ya miale ya urujuani, nayo hupatikana kwa bei nafuu. Wako wazazi wanaokagua nayo ua kabla ya kulala. Na watoto wetu tuwaingize ndani magharibi inapoingia, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, mpaka kiza kitulie.

Jua la Ukambani

Kwa asiye na umeme wa waya, jua la Kitui na Makueni ni neema. Mwaka 2012, katika soko la Kitonyoni huko Makueni, Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilishirikiana na wanakijiji kujenga mtambo wa sola wa kilowati 13.5, na paneli zake zikapangwa kuwa paa lenye kukinga maji ya mvua. Fikra hiyo yafaa hata nyumbani. Paneli ikiwa juu ya baraza hutoa kivuli mchana na taa usiku, na mfereji ukitiwa chini yake hujaza ndoo ya kutawadhia.

Kitui iko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, isilazwe bapa, ili mvua iioshe. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huifunika. Ifute kwa kitambaa laini na maji asubuhi, ikiwa bado baridi. Na kumbuka kuwa mwezi wa Juni mpaka Agosti mawingu ya baridi hukaa juu ya vilima, na taa za sola hufifia kabla ya alfajiri. Miezi hiyo weka tochi karibu na mlango.

Kwa mwenye umeme wa waya, nje kuna mvua. Nunua taa iliyoandikwa IP65, nyaya zipite ndani ya mabomba, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, atakayehakikisha kuna waya wa kuteremsha umeme ardhini na swichi ya kujikata yenyewe hitilafu inapotokea. Mikono yetu huwa na maji ya udhu na ya vyombo, na umeme haujui kusamehe.

Hesabu ya israfu

Tufanye hesabu. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 hula wati-saa 600, yaani uniti 0.6 kwa usiku mmoja. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa 4 kila usiku, kwa siku 30, hula uniti 0.6 vilevile. Usiku mmoja wa mulika mwizi ni sawa na mwezi mzima wa taa ya ngazi. Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kufuja. Ikiwa unakhofia wezi, ipo taa yenye kihisio, huwaka mtu apitapo na kuzima akiondoka. Hiyo humshtua mwizi kuliko taa aliyoizoea.

Turudi kwa mama yetu wa Kitui. Nilimpigia simu mwanawe papo hapo barazani, nikamwambia kuwa ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu asiyewahi kubeba sinia gizani, na nikamwomba radhi yeye na mamake. Fundi akaja juma la pili. Mulika mwizi ikashushwa, ikatiwa kihisio na kugeuzwa kutazama lango. Ngazi ikapata taa ya kimo cha goti, mlango wa jiko ukapata balbu ya manjano ya wati 5, na njia ya choo ikapata taa tatu za sola. Ukingo wa ngazi mjukuu mkubwa aliupaka rangi yeye mwenyewe.

Ramadhani iliyofuata mama alinipigia simu baada ya Alfajiri. Mkono umeunga, japo baridi ikija humuuma. Aliniambia kuwa usiku ule alivuka na sinia ya daku mara tatu, hakupepesuka, na jirani mpya alipopita hakujua kama nyumba ile ina taa. Nikamwuliza kama hilo limemsikitisha. "La, Sheikh," akasema, "mimi sasa nayaona maji ya chai yangu."

Basi leo magharibi, kabla ya kuwasha taa, simama mlangoni pa jiko lako utazame. Na wewe ndugu yangu mwanamume unayepeleka fedha nyumbani, usinunue taa mpaka umwulize anayetembea uani usiku.

Wabillahi tawfiq.