Adui wa Nyama ya Kukaanga Haraka ni Maji

Grace Young, mwandishi wa mapishi Mmarekani wa asili ya Kichina aliyekulia San Francisco, ana sharti moja linalogombana na mazoea ya majiko yetu: nyama ya ng'ombe inayoingia karaini kwa mkupuo mmoja isizidi gramu 340 hivi. Karai analolipendekeza si dogo, lina upana wa inchi 14. Kuku anamruhusu afike gramu 450, ng'ombe hapana. Kwa watu waliozoea kununua nyama kwa kilo na kuimimina yote sufuriani, sharti hilo laweza kuonekana ni ubahili. Ukilichunguza, utakuta ndilo linaloamua kama mboga na nyama yako zitakaangika au zitachemka.

Nyama mbichi, kwa sehemu kubwa, ni maji. Uso wake hauanzi kugeuka kahawia na kutoa ile harufu inayowaita watu mezani mpaka joto likaribie nyuzi 140 za Selsiasi, na maji yakishafika 100 hayapandi tena. Basi maadamu kuna maji ndani ya karai, nyama inachemka tu, hata mafuta yawe mengi kiasi gani. Na maji hayo hayaondoki bure: kugeuza gramu moja ya maji yanayotokota iwe mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile lililoitoa nyuzi sifuri hadi 100. Ukimimina kilo nzima, nyama inatoa maji upesi kuliko moto unavyoweza kuyakausha. Inakuwa ya kijivu, inatoa povu, na mboga zinazofuata zinalegea kwenye mchuzi ambao hukuukusudia. Ndiyo maana Young anasisitiza karoti, hoho na majani vioshwe mapema na vikaushwe kabisa, na mafuta yaingie baada ya karai kupata moto kiasi cha tone la maji kutoweka kwa sekunde moja au mbili. Kisha nyama itandazwe tabaka moja, iachwe kama dakika moja bila kuguswa. Mkono wenye mwiko hutaka kugeuza mara moja, na kuuzuia kwa dakika hiyo ni sehemu kubwa ya ufundi wenyewe.

Wapo watakaosema mapishi haya yanataka moto wa hotelini. Ni kweli majiko ya hotelini yana nguvu mara nyingi kuliko ya nyumbani, lakini hoja hiyo inaliunga mkono sharti la Young: mwenye moto mdogo ndiye hasa anayepaswa kupunguza mzigo. Wengine watalalamikia muda, ilhali fungu moja la nyama iliyokatwa nyembamba huiva kwa dakika mbili au tatu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni nyama yetu yenyewe, ambayo mara nyingi huchinjwa alfajiri na kupikwa mchana, bado ngumu. Kuikata kwa kukatiza nyuzi zake kunasaidia sana. Pia yapo mazoea ya wapishi wa Kichina ya kuipaka bikabonati kidogo, kama robo kijiko cha chai kwa gramu hizo 340, kwa dakika chache kabla ya kupika. Je, hilo latosha kwa paja la ng'ombe mzee? Sidhani, nyama hiyo ni ya mchuzi wa saa mbili. Na anayepikia mkaa, ambao moto wake ukishakolea haupunguzwi kwa kuzungusha kitasa, afanyeje tangawizi na kitunguu saumu visiungue? Kuipua karai kila mara ni jibu nusu tu.

Kwa hiyo nunua kilo yako kama kawaida, ila igawe mafungu matatu. Kausha kila fungu, likaange peke yake na uliweke pembeni. Mboga nazo zikaangwe peke yazo, na nyama irudi karaini mwishoni kabisa, pamoja na sosi ya soya.