Sura ya Sita: Stirio katika Nyumba ya Kupanga

Stirio ni mfumo wa kurekodi na kusikiliza sauti kwa njia mbili zinazokwenda sambamba, moja ya kushoto na nyingine ya kulia, ili msikilizaji aliyekaa katikati yake aweze kutambua gitaa la solo linatokea upande upi, tumba ziko wapi na mwimbaji amesimama sehemu gani. Mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1931, lakini ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya santuri za aina hiyo kuanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Katika enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, wasikilizaji wengi walipokea matangazo ya masafa ya kati na mafupi kwa spika moja, nayo nguvu ya umeme iliyohitajika ilitoka mara nyingi kwenye betri. Leo chombo kinachokaa sebuleni ni sabufa, yaani boksi kubwa la besi lenye amplifaya ndani yake na spika ndogo mbili au zaidi pembeni, ambalo hupokea muziki kutoka kwenye simu, flashi au televisheni na hutegemea umeme wa ukutani kwa kila kitu.

Vijitabu vya maelekezo vinavyofungwa pamoja na vyombo hivyo huandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye sebule pana, soketi nyingi na jirani aliye mbali. Mabibo, kata ya Wilaya ya Ubungo jijini Dar es Salaam iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya wilaya hiyo kuundwa, ina hali nyingine. Kuwapo kwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kumeifanya kuwa makazi ya wapangaji wengi, na sehemu kubwa ya wapangaji hao huishi katika nyumba zenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, ambamo familia kadhaa hutumia mita moja ya LUKU, meni swichi moja na kuta zilezile za tofali. Katika nyumba ya namna hiyo kazi ya kufunga stirio huanzia kwenye soketi na ukuta, vitu ambavyo mpangaji anavitumia pamoja na wenzake, kabla ya kufika kwenye spika ambazo ni zake peke yake.

Umeme unaosambazwa na TANESCO kwa matumizi ya nyumbani ni wa volti 230, nao hufika chumbani kupitia soketi ya matundu matatu: moja la waya wa moto unaoleta umeme, moja la waya wa kurudishia na moja, lile la juu, la waya wa erthi unaoelekea ardhini. Kazi ya erthi ni kuupa umeme uliovuja njia nyepesi ya kwenda ardhini na hivyo kukatisha fyuzi, badala ya umeme huo kupitia katika mwili wa mtu aliyeshika chuma cha chombo. Matundu mawili ya chini huzibwa kwa ndani na vifuniko vidogo ambavyo hufunguka pale tu pini ndefu ya erthi inapoingia juu, na hapo ndipo inapozaliwa tabia iliyoenea sana mitaani: mnunuzi wa sabufa yenye plagi ya pini mbili nyembamba huchokoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti, vifuniko vikafunguka, kisha akaisukuma plagi yake ndani. Plagi iliyoingizwa hivyo hukaa kwa kulegea, hutoa cheche kila inapoguswa, haina fyuzi yake, na humfundisha mtoto anayetazama kwamba tundu la soketi ni mahali pa kuchokoa. Adapta nzuri yenye pini tatu na fyuzi huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo, na hakuna sababu ya maana ya kununua chombo cha muziki na kuiacha adapta dukani. Chombo chenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa nyuma yake kimewekewa kinga mbili za ndani na hakihitaji erthi. Chenye waya wa nyuzi tatu kinaihitaji, na pini ya erthi ya plagi yake isikatwe kwa hali yoyote.

Hatari kubwa zaidi imo katika ekstensheni, ule waya mrefu wenye soketi kadhaa ambao katika chumba chenye soketi moja hulazimika kubeba kila kitu. Stirio yenyewe si mlaji mkubwa, kwa kuwa sabufa ya kawaida ya sebuleni hutumia umeme usiofikia hata ampea moja, lakini ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita katika waya, na waya haubagui umeme wa muziki na umeme wa pasi. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7 na pasi ya wati 1,200 huvuta karibu ampea 5.2, hivyo vitu hivyo viwili pekee, vikiwashwa pamoja asubuhi ya kwenda kazini, huvuka ampea 13 ambazo plagi na soketi zimetengenezwa kuzihimili. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyaya nyembamba zisizoweza hata kufika kiwango hicho, na ikiwa waya wake umeviringishwa na kusukumwa chini ya zulia au nyuma ya kochi, joto hukosa pa kutokea, plastiki hulainika, na nyaya mbili hukutana. Kwa hiyo ekstensheni ya stirio itumike kwa stirio, televisheni na king'amuzi tu. Pasi, birika na jiko la umeme vichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa zamu. Na ekstensheni moja isichomekwe juu ya nyingine. Fyuzi ya plagi nayo ichaguliwe kulingana na chombo. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, ambapo stirio ya kawaida hutosheka na ya ampea 3, ile inayokatika mapema kabla waya haujaanza kuungua.

Mpangaji hana mamlaka juu ya meni swichi, lakini ana haki ya kuikagua na kumuuliza mwenye nyumba. Katika nyumba za zamani bado hukutwa fyuzi za kufungwa waya kwa mkono, na fundi mwenye haraka, akichoshwa na fyuzi inayokatika kila wiki, huweka waya mnene usiokatika kabisa, jambo linalohamisha mahali pa kuungua kutoka kwenye fyuzi hadi ndani ya ukuta au juu ya dari. Nyumba iliyofungwa vizuri huwa na saketi breka, yaani swichi inayojizima yenyewe umeme unapozidi, pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hukata uvujaji unapofika miliampea 30, kabla haujapata muda wa kuvuruga mapigo ya moyo. Kazi ya kufunga vifaa hivyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na wapangaji wanaochangia gharama hiyo pamoja na mwenye nyumba wanakuwa wamefanya jambo la busara zaidi kuliko kuchangia king'amuzi cha pamoja.

Baada ya umeme huja suala la ukubwa wa chombo, ambapo wanunuzi wengi hupotoshwa na maandishi ya kwenye boksi. Herufi PMPO hufuatwa na tarakimu za kushangaza, wati 5,000 au 10,000, ambazo ni makadirio ya kilele cha kufumba na kufumbua na hazipimwi kwa kanuni moja inayokubalika na watengenezaji wote. Soketi ya ampea 13 katika volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya takriban wati 2,990 mfululizo, kwa hiyo chombo kinachochomekwa hapo hakiwezi kutoa wati 10,000 za muziki kwa namna yoyote. Kipimo cha kutazamwa ni kile kinachoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo huitoa bila kukatika, na kwa chumba cha mita tatu kwa tatu wati 20 hadi 40 za kweli hutosha na kubaki.

Uungaji wa waya za spika unahitaji utulivu, na ufanyike plagi ikiwa imetolewa ukutani. Ganda la waya huchunwa karibu sentimita moja, nyuzi za shaba husokotwa kwa vidole mpaka ziwe kitu kimoja, kisha hupenyezwa zote katika kishikio chake, nyekundu kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Uzi mmoja tu wa shaba uliojitokeza na kugusa kishikio cha jirani huunguza amplifaya, na ndiyo sababu mafundi redio hupitisha kucha kuzunguka kila kishikio kabla ya kuwasha. Rangi zikibadilishwa kwa spika moja, chombo hakiharibiki, ila spika hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anasukuma. Besi hufifia na sauti ya mwimbaji, iliyopaswa kutokea katikati, hutawanyika isijulikane inatokea wapi. Kuongeza spika za ziada kutoka kwenye redio ya zamani ni jambo jingine la kuangaliwa, kwa sababu kila spika ina ukinzani wake unaopimwa kwa omu, na spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, mzigo ambao amplifaya iliyoandikwa kiwango cha chini cha omu 6 haitauvumilia muda mrefu.

Amplifaya hutoa joto kila inapofanya kazi, na matundu ya mgongoni na juu yake ndiyo pua zake. Sebule za Dar es Salaam hupendezeshwa kwa vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya kochi, friji na redio, desturi nzuri inayostahili kuendelea kila mahali isipokuwa juu ya amplifaya. Chombo kiachiwe nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani, kisiwekwe juu ya friji linalotetemeka wala chini ya chombo cha maua, na kifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu. Joto hilohilo huwavutia mende na mijusi, ambao huingia kupitia matundu na kufia juu ya saketi, wakaunganisha sehemu zisizopaswa kuunganishwa. Chumba kisichoachwa na masalia ya chakula usiku hupunguza safari za kwenda kwa fundi. Mwenye chombo asikifungue mwenyewe hata kama kimechomolewa, kwa kuwa kapasita zilizomo ndani, vifaa vinavyohifadhi umeme kama akiba, huweza kubaki na umeme wa kuumiza baada ya plagi kutolewa.

Kuhusu mpangilio, spika mbili na msikilizaji hufaa kuunda pembetatu yenye pande sawa, spika zikiwa kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Besi hufuata kanuni yake. Wimbi la sauti ya mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, zaidi ya mara mbili ya upana wa chumba cha kawaida cha kupanga, na wimbi refu namna hiyo hupita katika ukuta wa tofali kwa urahisi ambao sauti ya kuimba haina. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye sakafu ya vigae huwa na mngurumo wake karibu na mizunguko 58 kwa sekunde, unaorudiwa na kuta zote nne kwa kuwa urefu na upana ni sawa. Sabufa iliyowekwa kwenye kona huuchochea mngurumo huo, na matokeo yake mwenye chumba, akiwa ameketi katikati ambako mngurumo huo hufifia, huongeza besi akidhani haitoshi, wakati jirani aliyelaza kichwa upande wa pili wa ukuta anaipokea yote. Kuisogeza sabufa nusu mita kutoka kwenye kona, kuikalisha juu ya mpira mnene au kipande cha godoro gumu, na kutandika zulia na pazia zito huleta muziki ulio safi zaidi kwa sauti ndogo zaidi.

Kipimo hicho cha sauti ndogo kina uzito wa kisheria na wa kiafya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, huweka viwango vya chini zaidi usiku kuliko mchana katika maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila hatari, lakini sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu, kwa sababu kila ongezeko la desibeli 3 huongeza maradufu nishati inayoingia sikioni. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Ishara iliyo rahisi kuifuata ni mazungumzo: watu walioketi umbali wa mkono mmoja wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, stirio imepita kiasi. Sauti inayokwaruza ni ishara nyingine, kwa maana amplifaya imefika mwisho wa uwezo wake na inaunguza spika ndogo za sauti nyembamba.

Umeme unapokatika, plagi itolewe na irudishwe dakika chache baada ya umeme kutulia, kwa kuwa volti hupanda na kushuka wakati wa kurudi. Stabilaiza husaidia kwa mabadiliko ya polepole, lakini haizuii radi, na katika mvua za masika plagi na waya wa antena vyote hutolewa. Chombo kilichoingiliwa na maji, kama inavyotokea katika nyumba za kandokando ya bonde la Msimbazi, hakijaribiwi kwa kuwashwa hata kama kimeanikwa juani kutwa nzima, hadi fundi akikague.

Ikitokea harufu ya plastiki inayoungua au moshi, meni swichi huzimwa kwanza, kisha plagi hutolewa. Maji hayamwagwi juu ya chombo chenye umeme; kizimamoto cha unga mkavu au cha kaboni dayoksaidi ndicho kinachofaa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa kwa namba 114 mapema, wapangaji wa vyumba vyote wakiwa wamekwisha kuamshwa na kutolewa nje. Mtu aliyenaswa na umeme haguswi kwa mkono kabla ya meni swichi kuzimwa, na ikiwa swichi iko mbali au imefungiwa chumbani kwa mwenye nyumba, hutenganishwa na waya kwa mti mkavu, mwokoaji akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Kwa ajili hiyo ufunguo wa mahali ilipo meni swichi uwe sehemu ambayo kila mpangaji anaijua.