Mashine ya milingi iliyotumika: kagua kisichobadilishika

Fundi mwenye mashine ya kukereza na kekee ya mezani hufika mahali akakwama. Shafti ataikereza na tundu atalitoboa, lakini akiletewa kazi ya kuchimba mfereji wa kabari kwenye shafti hiyo hiyo, au kunyoosha uso wa kipande kinene cha chuma hadi kingo zake zikae mraba, analazimika kumpelekea mwenzake. Anachokosa ni mashine ya milingi. Humo kisu ndicho kinachozunguka, na chuma hufungwa juu ya meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini.

Kwa karakana ya nyumbani, iliyotumika ndiyo inayonunulika. Nami naamini kabisa kwamba mashine nzito ya zamani iliyotunzwa ni bora kuliko mpya nyepesi ya bei ile ile. Uzito wa chuma cha kusubu humeza mtetemo, na mtetemo ndio unaovunja visu na kuacha uso wa kazi ukiwa na mawimbi.

Umbo linalomfaa fundi wa peke yake ni lile la Bridgeport, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 na kampuni ya Rudolph Bannow na mwenzake katika mji wa Bridgeport, Connecticut, Marekani. Baadaye ilitengenezwa pia Leicester, Uingereza, na viwanda vya Taiwan vikaliiga umbo lake. Kichwa chake huinama kila upande, na meza yake hubebwa na goti linalopanda na kushuka. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, vipuri vyake bado huagizwa kwa urahisi: belti, beringi, nati za shaba, hata skrubu nzima ya meza. Mashine adimu ambayo kiwanda chake kimefungwa inaweza kuwa nzuri kuliko hiyo, lakini gia moja ikikatika utabaki nayo imesimama.

Ukifika kwa muuzaji, tenganisha kinachobadilishika na kisichobadilishika. Belti iliyopasuka, swichi iliyoungua na beringi inayolia ni mambo ya kupunguzia bei. Slaidi zilizolika, yaani nyuso ambazo meza na goti huteleza juu yake, ni jambo la kukurudisha nyumbani mikono mitupu, maana kuzirekebisha kunataka mashine kubwa ya kusagia au fundi stadi wa kukwangua kwa mkono, na gharama yake inaweza kuipita bei uliyonunulia.

Rangi mpya isikuambie lolote. Pangusa grisi kwenye slaidi za goti na za chini ya meza, kisha tafuta alama ndogo ndogo zilizoachwa na kifaa cha kukwangulia kiwandani. Zikionekana wazi miishoni na zimefutika kabisa katikati, ujue hapo katikati ndipo mashine ilipofanyia kazi miaka yote. Lakini alama hizo zinaweza kuchongwa upya kwa ajili ya kumvutia mnunuzi, kwa hiyo usiishie hapo. Kaza kabari ya meza, kile kipande chembamba kinachoondoa ulegevu kwenye slaidi, mpaka meza itembee bila kulegea ikiwa katikati, halafu izungushe polepole hadi mwisho wa kila upande. Ikianza kuwa ngumu na kukwama kadiri inavyokaribia miisho, katikati pamelika. Jaribio hili halihitaji kifaa cha kupimia, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Muuzaji akikukataza kugusa kabari, amekwisha kukujibu.

Ukiwa na dayo geji, ile saa ndogo ya kupimia yenye mshale, ibandike kwa sumaku kwenye tandiko lililo chini ya meza, ncha yake iguse meza. Sogeza meza hadi mwisho, kisha inua kwa mikono upande wa meza uliotokeza. Mshale ukiruka sana, meza inapanda na kushuka juu ya slaidi, na kila uso utakaokata utapinda.

Wengi huogopa zaidi mchezo wa mpini, yaani ule mzunguko mtupu kabla meza haijaanza kusogea. Mimi hauniogopeshi hivyo. Mchezo wa nusu milimita hufanyiwa kazi na fundi anayekumbuka kukaribia kipimo kutoka upande mmoja tu, nati nyingi za Bridgeport hukazwa, na kipimo cha kidijitali husoma mwendo wa meza yenyewe bila kutegemea skrubu. Hatari iko kwenye kukata kwa kufuata mwelekeo wa kisu: meza yenye mchezo hunyakuliwa ghafla na kisu huvunjika.

Spindo inayozungusha kisu iwashwe kwa kasi kubwa kwa robo saa au zaidi, kisha gusa eneo la beringi. Vuguvugu ni kawaida, joto la kuondoa mkono ni tatizo. Ikizimwa, ingiza ncha ya dayo geji ndani ya tepa, lile tundu la spindo linaloshika kisu, na uzungushe kwa mkono. Mshale ukicheza zaidi ya sehemu mbili tatu za mia ya milimita, chunguza kama ni uchafu, tepa iliyokwaruzwa au beringi. Uliza pia ni tepa gani. R8 ndiyo rahisi kupatia koleti, vile vishikio vya visu. Vichwa vidogo vya Bridgeport vya mwanzo vyenye tepa ya Morse namba 2 havibebi visu vikubwa. Na mashine ndogo zenye nguzo ya duara zina kasoro ya maumbile: ukikipandisha kichwa katikati ya kazi, kinageuka kidogo na kipimo chako kimepotea.

Kisha soma kibao cha mota. Mashine hizi nyingi hutaka umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja. Kibao kikisema 230/400, umepona: inveta itapokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu za volti hizo hizo, mota ikiwa imefungwa kwa delta. Kikisema 400 au 415 pekee, fundi wa mota atalazimika kuifungua na kutoa nje ncha zilizounganishwa ndani. Iliyotoka Marekani imepangwa kwa hezi 60. Kwenye hezi 50 zetu kasi hupungua kwa sehemu moja ya sita, na inveta huirudisha.

Tenga fedha za jiliwa, koleti, visu na vibanio, kwani vyote pamoja vinaweza kukaribia bei ya mashine. Kabati la vifaa lililoko pembeni lijadiliwe kabla hujakubali bei.

Usafirishaji ndio uliowaumiza watu. Mashine hii inakaribia tani moja na uzito wake uko juu. Shusha goti, pindua kichwa mpaka mota ielekee chini, funga kila kibano, na inyanyuliwe kwa jicho lililo juu ya mkono unaobeba kichwa, kamwe si kwa meza. Msukume muuzaji aeleze jinsi ilivyoingizwa hapo ilipo, kisha pima mlango wako na unene wa zege la sakafu kabla ya kumlipa mwenye winchi.