Je, Wajua? Samaki Wanaweza Kukuza Sukuma Wiki
Maji yaliyochafuliwa na samaki hustawisha sukuma wiki bila udongo. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto zilizopandwa mboga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mboga hizo huifyonza, na maji hurudi kwenye tangi la samaki yakiwa safi. Mkazi wa Sio Port atauliza: ya nini, na ziwa liko mlangoni? Lakini ngege wa asili waliadimika Ziwa Victoria baada ya samaki aina ya mbuta kuingizwa miaka ya 1950 na 1960, na kitoweo cha kununua hutegemea mfuko.

Pingamizi lenye uzito ni stima. Pampu inayozungusha maji ikizimika, oksijeni hupungua na samaki huja juu kuhema. Dawa ni kutowasonga: mwongozo wa 2014 wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) unashauri wasizidi kilo 20 kwa lita 1,000. Mimi ningeanza na nusu, ili stima ikipotea, kuteka maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu kuwatoshe kwa muda. Pipa kuukuu linafaa kuwa tangi, mradi halikubeba kemikali. Lakini haraka haifai: bakteria huhitaji takriban mwezi kuzaana, na anayejaza samaki siku ya kwanza huwaua kwa amonia yao wenyewe.