Ukikimbilia ubalozini, utatokaje?

Ukitaka kuja Siyu, kwanza uliza habari za maji. Yakipwa, boti hailifikii gati, mkondo wa mikokoni unabaki matope. Uwe na nauli, uwe na haraka, utangoja yajae.

Kuna mtu kungoja huko kulimwokoa: Seyyid Khalid bin Barghash. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad wa Zanzibar alifariki na Khalid akaingia ikulu bila idhini ya Waingereza. Agosti 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zikaanza kupiga mizinga. Vita havikumaliza saa nzima. Watu karibu 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Yeye alikuwa ameshachomoka, yuko ndani ya ubalozi mdogo wa Ujerumani. Wenzake wengi hawakuwa na mlango wa kubisha.

Waingereza wakamdai. Wajerumani wakasema zii, mkataba wetu wa kurudishiana watuhumiwa haugusi makosa ya kisiasa. Basi askari wakawekwa nje, wakimvizia akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Zaidi ya mwezi!

Oktoba 2, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ikasogea mpaka lango la bustani ya ubalozi. Khalid akaingia mashuani moja kwa moja, hao Dar es Salaam.

Sasa njoo Nairobi, Februari 1999. Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi, alijificha kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki. Humo ndani hakuguswa. Februari 15 akatolewa kwa gari kwenda uwanja wa ndege, akaishia mikononi mwa makachero wa Uturuki.

Julian Assange naye aliingia ubalozi wa Ecuador jijini London mwaka 2012. Waswidi waliotaka kumhoji walibishana na Ecuador hadi Novemba 2016, akahojiwa mlemle ndani, maswali yao yakiulizwa na mwendesha mashtaka wa Ecuador. Aprili 2019 wenyeji wakamchoka, wakawaita polisi.

Mkataba wa Vienna wa 1961 unawazuia polisi kuingia ubalozini bila idhini. Haukuahidi njia ya kutoka.

Hata Khalid, Waingereza walimnasa 1916. Akafia Mombasa, 1927. Kwa hiyo ukisikia mtu kakimbilia ubalozini, usiulize nani kamfungulia. Uliza maji yanajaa lini.