Farasi Wako Wapi? Sinema za Wafalme na Wachawi Kibandani

Mwezi huu tuongee habari ya sinema. Si zile za kunawa mikono zinazoonyeshwa na mashirika, ila zile za kibandani: wafalme wa zamani, panga, wachawi na mazimwi yanayotema moto. Vijana wa Oraba na wenzao wa Lobule wanazipenda sana. Jumamosi mtoto akikosekana kisimani, mama anajua pa kumtafuta.

Nyingi ni mbovu, tuseme ukweli. Watu wanasema sababu ni kukosa pesa. Mimi sikubali. Mwaka 1975 Waingereza waitwao Monty Python walitengeneza sinema ya Mfalme Arthur, na pesa ya farasi hawakuwa nayo. Basi mfalme anarukaruka kwa miguu yake, na nyuma mtumishi anagonga vifuu viwili vya nazi, ko-ko-ko, kama kwato. Mavazi ya chuma yalikuwa sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha. Ngome nazo walinyimwa ruhusa, ikabidi ngome moja ya Scotland, Doune, ipigwe picha upande huu na upande ule ili ionekane nyingi. Watu wanaicheka mpaka leo.

Na hapa Uganda, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa gharama inayosemekana haikufika dola 200. Helikopta zake ni za kompyuta, na unaona kabisa ni za kompyuta. Lakini vijei anaongea juu ya picha, anacheka kabla yako, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Shida ni zile zinazojifanya. Kampuni moja ya Marekani, The Asylum, ilitaka kutoa Age of the Hobbits mwaka 2012, siku zilezile The Hobbit ya pesa nyingi ilipokuwa inatoka. Wenye The Hobbit walikwenda mahakamani, jaji akazuia jina lile, na sinema ikauzwa kwa jina la Clash of the Empires. Kwa hiyo ukiona bango limechorwa zimwi kubwa, na ndani ya sinema zimwi linatokea dakika mbili tu, ujue mchezo huo si wa mwenye kibanda peke yake. Umeanza mbali.

Ujanja mwingine ni picha za kuazima. Deathstalker ilitengenezwa Argentina mwaka 1983, halafu ile ya pili, ya mwaka 1987, ikachukua vipande vya ile ya kwanza na kuvitumia tena. Jeshi kubwa likipita mara moja, kisha mfalme anahutubia askari wanne, ndiyo hayo.

Lakini hayo ni ya kucheka tu. Kinachoniudhi mimi ni kingine. Binti mfalme anakimbia vita, siku tatu msituni, na gauni jeupe linabaki jeupe. Hana jerikeni, hana sufuria kichwani, hana mtoto mgongoni. Haulizi maji yako wapi. Jamani! Waliotembea kutoka Yei na Morobo mwaka 2016 wakiangalia hapo watasema nini? Kijiji kinachomwa usiku, asubuhi watu wanacheza ngoma. Nani amezika? Mbegu za kupanda zimetoka wapi? Askari mia wameanguka, na hakuna hata mama mmoja anayepita kati ya maiti akimtafuta mwanawe. Na kuyaonyesha hayo hakuhitaji pesa. Sufuria moja ya uji na watu kumi na wawili wanaoingojea, hapo farasi wa nini?

Wanaijeria waliliweza hilo. Katika Igodo ya mwaka 1999 wanaume saba wanatumwa kwenye msitu wa kutisha ili kuokoa kijiji chao. Vifaa ni vya kawaida, msitu ni msitu tu. Lakini mmoja akifa, unamhesabu: waliobaki ni wangapi?

Halafu kuna bibi. Katika sinema hizi mchawi ni bibi kizee anayeishi peke yake pembeni, na kila mtu anafurahi akichomwa. Kwetu bibi wa namna hiyo ni jirani. Yuko peke yake kwa sababu wanawe walikufa au walipotea njiani. Mtoto aliyeangalia sinema kumi za aina hiyo, akitumwa kumpelekea bibi huyo maji, ataenda kwa miguu mizito. Na Kinshasa kuna watoto wenyewe wanaosingiziwa uchawi na kufukuzwa nyumbani, hilo si la kuigiza. Hapo vijei ana kazi kubwa. Sauti yake ndiyo watoto wanayoisikia, iwe ni VJ Jingo kwa Kiganda au marehemu Lufufu wa Tanzania kwa Kiswahili chake. Anaweza kumtania mchawi wa sinema akawa kichekesho. Anaweza pia kuongeza chumvi mpaka watoto wakose usingizi. Wazazi, ingieni kibandani siku moja mkae nyuma msikilize anasema nini. Si lazima mkae mpaka mwisho.

Na jambo la macho. Waigizaji wakipigana kwa upanga wanalenga upanga wa mwenzao, hawalengi mwili, ndiyo maana vita vyao vinaonekana kama watu wawili wanatwanga. Watoto wetu wakirudi nyumbani wanalenga kichwa. Fimbo za kuchezea zikatwe ncha, zifungwe kitambaa, na wale wadogo wa chini ya miaka sita wapewe kazi ya kuwa farasi.